Kupokea Wateja Nyumbani Nchini Marekani: Mwongozo Kamili wa Kupata Kibali cha Zoni na Kukilinda

Mwongozo huu unawahusu wasusi, mafundi cherehani, walimu wa tuisheni, waandaaji wa marejesho ya kodi na Waswahili wengine waishio Marekani ambao wanataka kupokea wateja nyumbani mwao kihalali. Nimeuandika kwa sababu maombi mengi ninayoletewa baada ya kukataliwa yana kasoro moja: mwombaji ameeleza ufundi wake vizuri, lakini hakusema ni watu wangapi watafika mlangoni kwake, watafika saa ngapi, na magari yao yatakaa wapi.

Idara ya zoni haiulizi kama unajua kusuka. Inauliza kama jirani wa upande wa pili wa barabara ataona tofauti kati ya nyumba yako na nyumba nyingine za mtaa huo. Kwa hiyo anza kwa kuhesabu, kisha ndipo ujaze fomu.

Zoni ni sehemu ya mji iliyotengewa matumizi fulani, kama vile makazi, biashara au viwanda. Kanuni zake hutungwa na mji au kaunti, na ndiyo maana jibu alilopewa binamu yako anayeishi mji mwingine halikusaidii. Takwimu nitakazozitaja ni za mahali nilipopataja tu.

## Vitu vya kuwa navyo mezani kabla ya kuanza

- Anwani kamili ya nyumba na namba ya kiwanja, ambayo huonekana kwenye karatasi ya kodi ya nyumba au kwenye tovuti ya mthamini wa kaunti.
- Mkataba wa pango, au hati ya umiliki pamoja na masharti ya jumuiya ya wamiliki wa nyumba ikiwa ipo.
- Mchoro wa nyumba. Unaweza kuuchora kwa mkono, mradi uonyeshe chumba cha kazi, vipimo vyake na mlango wa wateja.
- Mchoro wa kiwanja unaoonyesha mahali pa kuegesha magari, pamoja na idadi ya magari ya familia yenyewe.
- Kumbukumbu za miadi za wiki nne, au makadirio ya kweli ikiwa hujaanza kazi.
- Leseni ya fani, pale ambapo jimbo linaidai.
- Daftari jipya. Nitaeleza kazi yake katika hatua ya nane.

## Hatua ya 1: Jua ni mamlaka gani inayokutawala

Anwani ya posta inaweza kutaja jina la mji ilhali nyumba iko nje ya mipaka ya mji huo, katika ardhi inayosimamiwa na kaunti. Ukipeleka maombi mahali pasipo pake utapoteza ada na wiki kadhaa. Piga simu katika idara ya mipango, taja namba ya kiwanja, na uulize swali moja tu: je, kiwanja hiki kiko chini yenu? Ikiwa Kiingereza kinakutatiza, omba mkalimani wa Kiswahili kabla ya kuanza maelezo. Ofisi nyingi huwa na huduma ya ukalimani kwa simu, na haifai mtoto wa shule abebeshwe mzigo wa kutafsiri jambo la kisheria.

Umefaulu ukiwa na jina la mamlaka, jina la zoni ya kiwanja chako, na tarehe uliyoelezwa hayo, vyote vikiwa vimeandikwa.

## Hatua ya 2: Angalia vizuizi visivyotoka serikalini

Kibali cha mji hakifuti mkataba wa pango wala masharti ya jumuiya ya wamiliki wa nyumba. Nimewaona watu wakipata kibali halali, kisha wakaandikiwa barua ya kuhama na mwenye nyumba kwa sababu mkataba ulikataza biashara ya aina yoyote. Soma mkataba kwanza, na ikiwa haujasema lolote, omba ridhaa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Idhini ya mdomo, hata ikitoka kwa mtu mwema, haina nguvu atakapokuja msimamizi mwingine.

Wanaoishi katika nyumba za umma, yaani zile zinazopangishwa na mamlaka ya nyumba ya serikali, wasikate tamaa mapema. Kanuni za serikali kuu ya Marekani zinawaruhusu wanakaya wa nyumba hizo kufanya shughuli halali ya kujipatia kipato ndani ya nyumba, kwa sharti kwamba mamlaka ya nyumba imeridhia na kwamba shughuli hiyo ni ya pembeni, huku makazi yakibaki kuwa matumizi makuu. Omba ridhaa hiyo kwa barua na uhifadhi nakala.

Houston, ambako jamaa zetu wengi wanaishi, ina hali yake ya pekee. Mji huo hauna sheria ya zoni kama miji mingine mikubwa, na wengi hudhani kwamba kila kitu kinaruhusiwa. Sivyo. Viwanja vingi vina masharti yaliyoandikwa kwenye hati, ambayo mara nyingi yanataka kiwanja kitumike kwa makazi pekee, na mji wenyewe una uwezo wa kuyasimamia mahakamani. Aliye Houston aombe nakala ya masharti ya hati katika ofisi ya karani wa kaunti kabla ya jambo lingine lolote.

## Hatua ya 3: Soma kifungu chote kinachohusu biashara za nyumbani

Kwenye tovuti ya mji au kaunti, tafuta maneno "home occupation". Hilo ndilo jina ambalo vifungu hivi hupewa katika miji mingi, na ukitafuta jina la kazi yako utaangukia masharti ya maduka. Soma kifungu kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu sharti linalokukataza huenda liko katika mstari wa mwisho. Unaposoma, andika majibu ya maswali haya: wateja wanaruhusiwa kufika? Wangapi kwa saa na wangapi kwa siku? Siku zipi na saa zipi? Ni lazima wawe na miadi? Waegeshe wapi? Mfanyakazi asiyeishi katika nyumba hiyo anaruhusiwa? Bango linaruhusiwa?

Majibu hutofautiana sana. Los Angeles inaruhusu ziara moja ya mteja, au gari moja la mteja, kwa kila saa, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, Jumatatu hadi Ijumaa pekee. Nashville ilikuwa imekataza kabisa wateja kufika kwenye biashara za nyumbani, hata mtengeneza nywele mmoja na mtayarishaji wa muziki mmoja wakaushtaki mji mwaka 2017. Mwaka 2020 baraza la mji lilipitisha kanuni mpya inayoruhusu hadi ziara sita kwa siku kwa mwenye kibali. Florida ilichukua njia nyingine: sheria ya jimbo iliyoanza kutumika Julai 2021 inazizuia mamlaka za mitaa kupiga marufuku biashara za nyumbani, lakini inasema kwamba mahitaji ya maegesho yanayotokana na biashara yasizidi yale ya nyumba inayofanana nayo isiyo na biashara.

Tazama tofauti kati ya aina hizi za kanuni. Palipo na idadi, unahesabu. Palipo na maneno kama "yasizidi kawaida ya makazi", unalazimika kuthibitisha kawaida hiyo ni ipi, na kazi ya kuthibitisha ni ngumu kuliko kuhesabu. Hatua inayofuata inakusaidia katika hali zote mbili.

## Hatua ya 4: Hesabu ziara na safari za magari

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Ziara ni mteja mmoja kufika mara moja. Safari ni gari kupita mara moja kuelekea upande mmoja. Mteja anayekuja na gari lake na kuondoka nalo amefanya ziara moja na safari mbili. Mteja anayeletwa na mumewe, ambaye anarudi nyumbani na kuja kumchukua jioni, amefanya ziara moja na safari nne. Msusi anayesema "nina wateja wawili tu kwa siku" anaweza kuwa anasababisha safari nane.

Kwa nini wapangaji miji wanajali? Kwa mujibu wa vipimo vya Taasisi ya Wahandisi wa Uchukuzi ya Marekani, nyumba moja ya familia iliyojitenga huzalisha wastani wa takriban safari 9.4 za magari kwa siku ya kazi. Wateja sita wenye magari wanaongeza safari 12. Nyumba yako sasa ina safari zaidi ya 21, yaani zaidi ya maradufu ya nyumba ya jirani. Ukielewa hesabu hiyo, utaelewa pia kwa nini mteja anayekuja kwa basi au kwa miguu ni hoja yenye nguvu katika maombi yako, hasa pale kanuni inapozungumzia magari au maegesho.

Tuchukue mfano wa fundi cherehani anayeshona nguo 12 kwa wiki. Kila nguo inamleta mteja mara tatu: kupimwa, kujaribisha na kuchukua. Hizo ni ziara 36 kwa wiki, na akifanya kazi siku sita anapata ziara sita kwa siku. Chini ya kikomo cha Nashville amefika ukingoni, na mteja mmoja aliyesahau shali yake akirudi kuifuata amemvusha mpaka. Fundi huyo akiamua kuwapelekea wateja nguo zilizokwisha, ziara zinashuka hadi 24 kwa wiki, sawa na nne kwa siku, naye hajapoteza hata nguo moja. Akiwa Los Angeles, kikomo chake hakitakuwa idadi ya ziara kwa siku, kwani saa kumi na mbili zinazoruhusiwa kila siku zinatosha kwa ziara zake zote. Tatizo litakuwa Jumamosi, siku ambayo wateja wana nafasi lakini kanuni hairuhusu. Kwa hiyo fundi yuleyule, mwenye kazi ileile, anahitaji ratiba mbili tofauti katika miji miwili.

Mwalimu wa tuisheni ana shida ya aina nyingine. Wanafunzi sita wanaofika pamoja saa kumi jioni ni ziara sita kwa siku, lakini ni magari sita mtaani ndani ya dakika kumi, na malalamiko ya majirani huanzia hapo. Palipo na kikomo cha saa, darasa hilo haliwezekani hata kama kikomo cha siku hakijaguswa.

Anayeandaa marejesho ya kodi asitumie wastani wa mwaka. Kikomo cha siku kinahesabiwa kila siku peke yake, na wateja wako wanarundikana kati ya mwisho wa Januari na katikati ya Aprili. Hesabu siku yako yenye shughuli nyingi kuliko zote, na hiyo ndiyo namba ya kuandika.

Onyo: usipunguze namba ili upate kibali. Fomu nyingi husainiwa kwa tamko la ukweli, na kwa mtu ambaye masuala yake ya uhamiaji hayajakamilika, taarifa ya uongo kwenye fomu ya serikali inaweza kumletea madhara makubwa kuliko kunyimwa kibali. Ikiwa namba ya kweli inazidi kikomo, badilisha utaratibu wa kazi.

Umefaulu ukiwa na namba nne: ziara nyingi zaidi kwa saa, ziara nyingi zaidi kwa siku, magari mengi zaidi kwa wakati mmoja, na saa ya kwanza na ya mwisho ya kupokea wateja.

## Hatua ya 5: Panga ratiba na maegesho

Acha nafasi kati ya mteja na mteja. Ukipanga wa kwanza amalize saa sita kamili na wa pili afike saa sita kamili, siku yoyote ambayo rasta zimechelewa utakuwa na wateja wawili na magari mawili. Dakika 15 zinatosha kwa tuisheni. Kwa ususi ningeacha nusu saa, kwa sababu hakuna msusi anayeweza kuapa kwamba kichwa kitakwisha kwa dakika iliyopangwa.

Wasindikizaji ni jambo la kushughulikia mapema. Kwetu mtu haendi kusukwa peke yake. Anakwenda na dada yake, na dada anakuja na watoto. Baadhi ya kanuni huhesabu watu, nyingine magari, nyingine miadi. Uliza idara kwa barua pepe jinsi wanavyohesabu wasindikizaji, na uhifadhi jibu.

Maegesho yawe ndani ya kiwanja kadiri inavyowezekana, na usisahau kuyatoa magari ya familia katika hesabu. Nafasi mbili zenye magari mawili ya wenye nyumba hazimwachii mteja nafasi yoyote. Sheria ya Florida niliyoitaja inakataza magari ya biashara kukaa juu ya njia ya waenda kwa miguu au kwenye eneo la kiwanja lisilosakafiwa, kwa hiyo kuegesha kwenye majani mbele ya nyumba ni kosa huko hata kama majani ni yako.

## Hatua ya 6: Andika maelezo na ujaze fomu

Maelezo mazuri hayazidi nusu ukurasa. Anza na idadi, kisha muda, kisha maegesho, na kazi yenyewe ije mwisho. Mfano:

"Nitapokea wateja wasiozidi wanne kwa siku, kwa miadi pekee, Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Hakutakuwa na wateja wawili kwa wakati mmoja, na dakika thelathini zitaachwa kati ya miadi na miadi. Mteja ataegesha ndani ya kiwanja, katika nafasi iliyoonyeshwa kwenye mchoro. Hakuna mfanyakazi asiyeishi hapa, hakuna bango, na hakuna bidhaa zinazouzwa kwa wapita njia. Kazi ni kushona na kurekebisha nguo katika chumba kimoja chenye cherehani mbili za umeme."

Unapotafsiri maelezo hayo, kuwa mwangalifu na saa. Saa tatu asubuhi huandikwa 9:00 a.m., na saa kumi na moja jioni huandikwa 5:00 p.m. Nimeshika mkononi fomu iliyoandikwa 3:00 a.m. kwa sababu mtafsiri alifuata namba ya Kiswahili, na ombi lilikataliwa kwa kuwa lilionekana kama la kupokea wateja usiku wa manane.

Epuka neno "saluni" ikiwa unamaanisha kiti kimoja na mteja mmoja. Katika kanuni nyingi saluni ni aina ya biashara ya mtaa wa maduka, na afisa akilisoma neno hilo anafungua ukurasa mwingine kabisa. Usidanganye kuhusu kazi. Ieleze kwa ukubwa wake halisi.

Kumbuka pia kwamba kusajili kampuni katika jimbo na kupata namba ya mlipa kodi si ruhusa ya kupokea wateja nyumbani. Vivyo hivyo, kibali cha zoni hakiondoi leseni ya fani: majimbo yanatofautiana juu ya ususi, mengine yanadai leseni na mengine hayadai.

## Hatua ya 7: Kibali kikitoka, kisome

Kibali mara nyingi huja na masharti ambayo hayakuwa kwenye ombi lako. Linganisha kila sharti na zile namba nne. Angalia tarehe ya kuisha, na uangalie kama kibali kimetolewa kwa mtu, kwa anwani, au kwa vyote viwili, kwa sababu ukihama huenda ukalazimika kuanza upya.

Kisha safisha matangazo yako. Tangazo mtandaoni linalosema "karibuni wakati wowote, miadi si lazima" linapingana na kibali, na mkaguzi anaweza kulisoma kama mtu mwingine yeyote. Weka mtaa au eneo tu, na anwani kamili umpe mteja baada ya kuthibitisha miadi.

## Hatua ya 8: Tunza daftari

Kila siku andika idadi ya wateja, saa ya kufika, saa ya kuondoka, na kama walikuja na gari. Majina hayahitajiki. Siku ukiwa na wageni wasio wateja, andika pia: kisomo, arobaini, wageni wa mtoto mchanga. Sisi ni watu wa kutembeleana, na magari 20 ya msibani hayahusiani na biashara yako, lakini jirani anayeyaona kutoka ng'ambo ya barabara hawezi kujua hilo. Daftari lililojazwa siku kwa siku ndilo litakalokutetea, na linatetea vizuri zaidi likiwa na mazoea ya miezi kuliko likijazwa jioni moja baada ya barua kufika.

## Hatua ya 9: Ukipokea notisi ya ukiukaji

Usiitupe, na usimfuate jirani kumuuliza kama ni yeye aliyelalamika. Tafuta mambo matatu kwenye notisi: kifungu kinachodaiwa kuvunjwa, tarehe ya mwisho ya kurekebisha, na tarehe ya mwisho ya kukata rufaa. Tarehe mbili hizo zinaweza kuwa tofauti, na ya rufaa mara nyingi ni fupi.

Wasiliana na mkaguzi kwa maandishi, mwambie umepokea notisi, ambatisha kibali na kurasa za daftari, na kama unahitaji muda uombe kabla tarehe haijapita. Katika miji mingi faini huhesabiwa kwa kila siku ya ukiukaji, hivyo kimya cha mwezi mmoja kinaweza kugharimu kuliko mapato ya msimu mzima. Ikiwa kweli ulizidisha wateja, sema umepunguza na uonyeshe ratiba mpya.

Wengi hukimbilia kuomba bodi iwalegezee masharti ya kiwanja. Ombi la namna hiyo kwa kawaida limekusudiwa kwa kiwanja chenye shida ya kimaumbile, kama mteremko mkali au umbo lisilo la kawaida, na kutaka wateja zaidi si shida ya kiwanja. Kinachofaa, pale kinapokuwepo, ni kibali maalumu cha matumizi, ambacho hupitia mkutano wa hadhara ambako majirani hualikwa kusema. Ukifika huko, nenda ukiwa na barua za majirani wawili watatu wanaoishi karibu nawe kabisa. Barua ya mteja anayetoka mbali haina uzito huo.

## Kwa wanaolea watoto nyumbani

Msitumie hatua hizi kabla ya kuangalia sheria ya jimbo, kwa sababu majimbo kadhaa yameitenga kazi yenu na biashara nyingine. California, tangu tarehe 1 Januari 2020, inahesabu malezi ya watoto nyumbani yenye leseni ya jimbo, hata yale makubwa yanayoweza kuwa na watoto 14, kuwa ni matumizi ya makazi, na mji hauruhusiwi kudai kibali cha zoni wala leseni ya biashara kwa ajili yake. Mlezi wa huko akiambiwa na afisa ajaze fomu ya biashara ya nyumbani, aombe kwa adabu aonyeshwe kifungu kinachomtaka afanye hivyo, na aende na leseni yake ya jimbo mkononi.

Mahali pengine kazi hiyo inaweza kuwekewa kikomo cha wateja kama kazi nyingine, na hesabu yake ni nzito kuliko ya msusi: kila mtoto anayeletwa na kuchukuliwa kwa gari ni safari nne kwa siku, hivyo watoto sita ni safari 24, nyingi zikiwa asubuhi na jioni. Panga wazazi wafike kwa kupishana dakika kumi kumi, na uandike mpangilio huo kwenye ombi.